Ubao njo freti: namna ya kuchagua besi isiyo na freti bila kudanganywa na jina



Leo sitawasemea mahindi wala mbolea. Wenye kunijua wanajua kwamba nje ya agronomia niko na ugonjwa moja: gitare besi. Nataka tuongee juu ya besi isiyo na freti, ile yenye shingo laini tangu juu mpaka chini, bila vile vyuma vidogo vinavyokata shingo na kuonyesha kidole mahali pa kukanyaga. Hapa Lubumbashi naona vijana wengi wanaitafuta. Wanaisikia mu video, wanasikia noti inateleza na kulia kama mtu, wanasema: na miye nataka ile. Kiisha wananunua vibaya. Ama wanafanya kama nilivyofanya miye, na hapo njo nitaanzia.

Miye niliharibu besi ya kwaya.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa lisanse. Kwaya yetu ilikuwa na besi moja tu, ya nyuzi 4, iliyonunuliwa kwa michango ya waimbaji. Kati yao kulikuwa mama mmoja muuza mikate ambaye kila Jumapili alikuwa anaacha franka zake ndani ya bahasha bila kusema kitu. Miye njo nilikuwa mpiga besi, kwa hiyo gitare ilikuwa inalala kwangu. Usiku mmoja, baada ya kusoma tena habari za Jaco Pastorius, yule Mwamerika aliyejulikana kwa Fender Jazz Bass iliyong'olewa freti, nilichukua koleo. Freti ya kwanza ilitoka na kipande cha ubao. Ya pili vilevile. Mtu mwenye akili angeachia pale. Miye niliendelea mpaka ya 20.

Mashimo niliyajaza na gundi na unga wa mbao, nikapitisha msasa kwa mkono, nikarudisha nyuzi. Noti zingine zilikuwa zinalia kama nzi ndani ya chupa, zingine zilikuwa zinakufa mara moja. Zilikuwa zimebaki wiki 2 mpaka Pasaka. Mkubwa wa kwaya alipoishika alinyamaza kwanza, kiisha akaniuliza: "Injenieri, hii shamba uliilima na nini?" Watu walicheka. Miye sikucheka. Pasaka tuliimba bila besi, na deni ya dola 220 niliilipa kwa miezi 9.

Nawaambia hii yote ili mujue kwamba maneno yanayofuata sikuyatoa hewani. Niliyalipia. Na jambo ninalotaka kusema ni moja: mu besi isiyo na freti, ubao njo freti. Pesa yako, macho yako na masikio yako viende kwanza kwenye ule ubao ulio juu ya shingo. Jina la kampuni na hadithi ya mpigaji mashuhuri vije nyuma kabisa.

Tuanze na hadithi ya Jaco, sababu njo inayodanganya wengi. Sahani yake ya kwanza, yenye jina lake mwenyewe, ilitoka mwaka 1976, na mwaka uleule akaingia mu kundi la Weather Report. Kila mtu anakumbuka kwamba besi yake haikuwa na freti. Wachache wanakumbuka kilichofuata. Baada ya freti kutoka, mifereji ilijazwa vizuri, na ubao wote ukafunikwa na epoksi ngumu, ile wanayotumia kwa mashua. Kwa nini? Sababu alikuwa anatumia nyuzi zilizozungushiwa waya wa duara. Nyuzi za namna ile zinang'aa kwa sauti, lakini mgongo wake uko kama tupa, unakula mbao. Epoksi ilikuwa ngao ya ubao. Ugumu wake ukasaidia tena sauti iwe wazi. Kwa hiyo koleo ilikuwa sehemu ndogo ya ile kazi. Kazi yenyewe ilikuwa ubao. Miye nilichukua hadithi nusu, nikaacha ile nusu yenye maana.

Tena Jaco hakuwa wa kwanza. Bill Wyman wa Rolling Stones aling'oa freti za besi yake tangu mwaka 1961. Kampuni ya Ampeg ilitoa besi yake isiyo na freti mwaka 1966, na Fender ikatoa Precision isiyo na freti mwaka 1970. Hapo kuna kichekesho. Besi ya Fender ya mwaka 1951 iliitwa Precision sababu freti zilimpa mpigaji noti iliyo sawasawa, jambo ambalo kontrabasi haikumpa. Miaka 19 baadaye kampuni ileile ikaondoa kile ilichokuwa inajisifia. Watu hawakurudi nyuma bila sababu. Walitaka sauti ambayo chuma kilikuwa kinaizuia.

Ni sauti gani? Ukikanyaga uzi kwenye besi ya kawaida, uzi unasimama juu ya ukingo wa chuma. Chuma ni kigumu na chembamba, kwa hiyo noti inatoka kali, iko wazi tangu mwanzo. Bila freti, uzi unalala kati ya nyama ya kidole na mbao. Mwanzo wa noti unakuwa laini. Kiisha uzi unaotikisika unagusa ubao kidogo kidogo mbele ya kidole, na noti inafunguka baada ya kuzaliwa, kama mtu anayesema "mwaa". Sikiliza vizuri: ile "mwaa" inatokea sababu uzi uko karibu sana na ubao, na ubao umenyooka. Ukiwa na mlima, uzi unalia kama nzi. Ukiwa na shimo, noti inakufa. Ukiinua nyuzi juu ili zisilie, unapoteza "mwaa" yenyewe, unabakia na sauti ya kugonga sanduku. Njo maana nasema ubao njo freti. Kwenye besi ya kawaida, fundi anaweza kusawazisha freti 20. Hapa freti ni moja tu, ndefu kuliko mkono wako kutoka kiwiko mpaka kidole, na inatakiwa iwe sawa kila mahali.

Kuhusu kukanyaga noti, tufanye hesabu kidogo, sisi ni watu wa shule. Besi nyingi ziko na urefu wa uzi wa inchi 34, ni kusema milimita 864. Kutoka uzi mtupu mpaka nusu-toni ya kwanza ni karibu milimita 48. Kule kwenye nusu-toni ya 12, katikati ya uzi, nafasi ya nusu-toni moja ni karibu milimita 24. Kwa hiyo kidole kikikosea milimita 5 kule juu karibu na kichwa, noti inapotoka sehemu moja ya 10 ya nusu-toni. Kikikosea milimita zilezile 5 kule katikati, noti inapotoka sehemu moja ya 5, na hapo hata mtu asiyejua muziki anakunja uso. Wengi wanakimbilia noti za katikati sababu njo pale besi inalia vizuri, na njo pale inaadhibu zaidi.

Sasa mbao. Hapa mutanisamehe, agronomia inarudi kwa mlango wa nyuma.

Wauzaji wanapenda kusema "ebeni" kama neno la uchawi. Ebeni ya kweli ni miti ya jenasi Diospyros, na ile inayotumika sana kwa magitare inatoka mu misitu ya Afrika ya Kati. Wengine wanaichanganya na mpingo wa Tanzania. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon, mti wa ukoo wa kunde, ndugu wa palisandri. Njo unaotengenezewa klarineti. Ile miti yote miwili ni mieusi, yote miwili ni migumu, lakini si ukoo moja. Palisandri ni laini kuliko ebeni, kwa hiyo nyuzi zenye mgongo wa tupa zinaichora haraka. Kuna tena wenge, Millettia laurentii, mti wa misitu yetu ya Kongo, jina ambalo sisi wote tulilijua kupitia Wenge Musica kabla hatujaona ubao wake. Kampuni ya Kijerumani Warwick imetumia wenge kwa shingo na ubao wa besi zake nyingi. Fikiria safari yake: mti unatoka kwetu, unaenda Ulaya, unarudi kama gitare ya bei ambayo hatuiwezi. Na wenge iko mu orodha ya miti iliyo hatarini. Kwa hiyo kijana anayesema "sitaki ubao wa plastiki, nataka mbao ya kweli" afikiri mara mbili. Kuna mbao za kutengenezwa, zile za resini ngumu nyeusi, ambazo hazichorwi haraka, hazinywi maji, na "mwaa" yake iko wazi kabisa. Sikio langu halizidharau tena.

Ugumu wa ubao uende pamoja na nyuzi. Hapa njo watu wengi wanatupa pesa. Nyuzi za waya wa duara zinatoa sauti yenye kung'aa, na kwa ubao laini ni msumeno. Nyuzi za waya bapa ziko laini chini ya kidole, haziharibu ubao, sauti yake ni nzito na ya zamani, karibu na kontrabasi, lakini "mwaa" inapungua. Zile zilizovikwa nailoni nazo ziko laini kwa ubao, na sauti yake ni ya mviringo. Hakuna iliyo bora kwa wote. Lakini mtu akiniuzia besi ya palisandri tupu pamoja na nyuzi za tupa, najua kwamba haheshimu ile besi, ama haijui.

Tutoke kidogo mu duka, twende kwenye sahani, sababu huwezi kuchagua sauti usiyoijua. Kila mtu anakuambia umsikilize Jaco, na ni kweli, msikilize. Alikuwa anaegemea mikro ya nyuma, ile iliyo karibu na mahali nyuzi zimefungwa chini, na njo maana sauti yake iko nyembamba, inasema kupitia pua, inakata katikati ya ngoma na kinanda. Lakini ile sauti ilitengenezwa kwa muziki ambao besi inakimbia mbele kama soli. Ukiileta hivihivi mu kwaya, ama mu orkestra yenye soli, mi-solo na akompa, unamkanyaga kila mtu.

Msikilize Pino Palladino mu wimbo "Wherever I Lay My Hat" wa Paul Young, mwaka 1983. Besi inafungua wimbo yenyewe, inaimba kabla ya mwimbaji. Mara akiingia mwimbaji, besi inajua kumwachia nafasi. Mashine yake ilikuwa Music Man StingRay isiyo na freti, si Jazz Bass, na sauti iko nene, ya kifua.

Lakini kwa sisi Waafrika, miye ninaanza na Bakithi Kumalo wa Soweto, mu sahani "Graceland" ya Paul Simon, mwaka 1986. Watu wanamjua kwa ile mbio fupi ya besi mu "You Can Call Me Al", na wengi hawajui kwamba nusu ya pili ya ile mbio ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa kinyume mu studio. Mutu anaweza kujifunza miezi 6 kupiga kitu ambacho nusu yake ilipigwa na mkanda! Achana na mbio. Sikiliza anavyotembea mu "Diamonds on the Soles of Her Shoes". Anateleza kuingia kwenye noti, anajibu mwimbaji, anarudi chini kukamata ngoma. Pale bila-freti si maonyesho, ni lugha. Inanikumbusha kitu cha kwetu. Mu gitare ya Mwenda wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, kidole gumba njo kilikuwa kinaimba besi huku vidole vingine vinasema maneno yake. Besi yenye kuimba bila kufunika wimbo haikuja kwetu na ndege.

Na musikilize hizo sahani na ekuta nzuri. Noti ya chini kabisa ya besi ya nyuzi 4 ni mi ya hertzi 41. Spika ndogo ya telefone haiwezi kuitoa. Unasikia paka sauti za juu, ule mlio wa nyuzi na ile "mwaa", kiisha unaamini kwamba besi yote njo ile. Wengi wamechagua besi kwa telefone, na walipoichomeka kwenye ampli walikuta haina tumbo.

Nifike kwenye jaribio nililofanya miye mwenyewe. Baada ya deni kuisha niliweka akiba, na rafiki mmoja akaniunganisha na papa mmoja, fundi wa magitare, ambaye alikuwa na besi 2 zisizo na freti mikononi. Ya kwanza ilikuwa ya jina kubwa, shingo inang'aa, ubao wa mbao ya thamani. Ya pili ilikuwa ya bei ya chini, ubao wa resini, mwili umekwaruzwa. Majina sitayataja, sababu jaribio langu lilikuwa la gitare 2 na si la kampuni 2. Ya kwanza ilikuwa inauzwa dola 900. Ya pili 260.

Yule papa aliniambia: "Mwanangu, usiiulize jina. Iulize noti moja moja."

Kwanza tuliangalia shingo kwa jicho moja, kutoka kichwani kwenda chini, kama vile fundi anaangalia ubao wa mlango. Pili, nilikanyaga uzi pande zote mbili, kule mwanzo na kule mwisho wa ubao, tukaangalia nafasi inayobakia katikati. Kwa besi isiyo na freti nafasi hii inatakiwa iwe ndogo sana, unene wa kadi ya vizita ama chini yake. Ikiwa kubwa, jua kwamba shingo imepinda, na uone kama kile chuma cha ndani ya shingo bado kinazunguka, sababu njo kinachoirudisha. Tatu, nilipiga noti moja na kutelezesha kidole polepole kutoka juu mpaka chini ya ubao bila kukiinua, uzi kwa uzi. Hapa hakuna kujificha: kila mlima unalia. Nne, nilipiga kila nusu-toni na kuhesabu inakaa muda gani. Zingatia uzi wa sol karibu na nusu-toni ya 5 mpaka ya 7, sababu besi nyingi ziko na mahali pa kufa pale. Tano, tuliangalia kile kipande cha juu kabisa ambamo nyuzi zinapita kabla ya kufika kichwani. Mu besi isiyo na freti mifereji yake inatakiwa kuwa chini sana, karibu iguse ubao. Ikiwa juu, vidole vyako vitachoka kwa noti za kwanza na noti zenyewe zitapanda. Hilo nalo nililisahau usiku wa koleo.

Ya dola 900 ilianguka kwa jaribio la tatu. Ilikuwa na mlima mdogo karibu na mahali shingo inaungana na mwili, na nyuzi za tupa zilikuwa zimechimba mifereji chini ya uzi wa la na wa re. Fundi alisema inaweza kupona: kupanga ubao upya na kuufunika. Lakini hiyo ni pesa juu ya pesa. Ya dola 260 ilipita majaribio yote isipokuwa ya nne, ambapo noti moja ya uzi wa sol ilikuwa fupi kidogo. Mikro zake zilikuwa za kawaida tu. Mikro inabadilishwa. Ubao uliopinda na mashimo haubadilishwi kirahisi.

Kuna jambo la sita ambalo watu hawalihesabu: uzito. Vaa mkanda, simama, achia mikono. Kichwa cha gitare kikianguka, mkono wako wa kushoto utakuwa unafanya kazi mbili, kubeba na kutafuta noti. Kwenye besi yenye freti unavumilia. Hapa mkono unaobeba hauwezi kuwa mkono unaolenga milimita 5. Upana wa shingo nao uangalie. Shingo ya Jazz Bass kule juu ni karibu milimita 38, ya Precision mara nyingi inapita 41. Mkono mdogo unajua tofauti baada ya wimbo wa tatu.

Juu ya mistari. Besi zingine zinachorwa mistari mahali freti zingekuwa. Kuna wapigaji wanaona haya, wanasema mistari ni ya watoto. Haya ile si ya muziki, ni ya kiburi. Jaco mwenyewe alikuwa na alama za mifereji ya zamani chini ya vidole vyake. Nunua yenye mistari kama unaanza, na ukumbuke kukanyaga juu ya mstari wenyewe, si nyuma yake kama ulivyozoea. Ukichagua isiyo na mistari, angalia zile nukta ndogo za ubavuni. Besi zingine zinaziweka mahali pa noti yenyewe, zingine katikati ya noti mbili kama kwenye gitare ya kawaida. Usipouliza, utapiga vibaya mwezi mzima ukilaumu masikio yako.

Na hali ya hewa yetu. Lubumbashi kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 hewa inakauka, midomo inapasuka. Mwezi wa 12 nguo hazikauki. Mbao inakunywa na kutoa maji kama mbegu ndani ya ghala, na shingo inasogea nayo. Kwa besi ya kawaida unaona kidogo. Kwa isiyo na freti, ambayo inaishi kwa unene wa kadi ya vizita, unasikia. Kwa hiyo besi iliyo sawa mwezi wa 7 irudi kwa fundi mvua zikianza. Weka hiyo pesa kando tangu siku ya kununua. Usiegemeze gitare kwenye ukuta wenye jua, na usiiache mu gari.

Mwishoni nilinunua ile ya dola 260. Nikaongeza nyuzi za waya bapa, kiisha kazi ya fundi, na nilikuwa na besi inayosema. Lakini kwaya je? Ilipofika wakati wa kuchagua besi ya kwaya kwa ile pesa niliyolipa, wengine walisema tuchukue isiyo na freti, sababu injenieri sasa anaijua. Nilikataa. Besi ya kwaya inapigwa na watu 3 tofauti, mu giza la mkesha, nyuma ya ngoma inayofunika kila kitu, bila mtu kujisikia vizuri. Pale freti ni rehema. Mutu akikwambia besi isiyo na freti ni "daraja la juu" kuliko yenye freti, anakuuzia kiburi. Ni sauti nyingine, ya kazi nyingine, na inaomba saa nyingi za kukaa peke yako na noti moja inayolia mu telefone, ukitafuta la mpaka la yako na la yake ziache kugombana.

Yangu naileta kwa nyimbo za polepole. Jumapili ya kwanza nilipoipiga, yule mama muuza mikate alinikuta mlangoni, akaniuliza kama ile njo ileile niliyoivunja. Nikamwambia hapana, mama, ile ilikufa. Akasema: "Basi hii usiitibu." Mkubwa wa kwaya alikuwa nyuma yake, akaongeza kwamba koleo ibakie nyumbani.

Bandugu, kama uko na dola 900, sawa. Kama uko na 260, sawa vilevile. Lakini kabla ya kutoa hata moja, telezesha kidole juu ya ubao kutoka mwanzo mpaka mwisho, uzi kwa uzi, na unyamaze. Ubao utakuambia. Na wewe mwenye besi isiyo na freti hapa kwetu, unatumia nyuzi gani, na shingo yako inafanya nini mvua zikianza? Andika chini hapa, tujifunze pamoja.